Oili inavuja kwenye spoketi ya mbele, Honda CG125 ya zamani

Pole kaka. Umesema CG125 ya mzee wako inaacha doa la oili chini ya spoketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo) kila asubuhi. Usikubali kufungua injini yote kabla hujajua oili inatoka wapi.

Pikipiki hizi, zilizoanza kutoka mwaka 1976, zina kasha linalofunika mnyororo wote. Ukipaka oili nyingi kwenye mnyororo, inajikusanya humo na kudondoka, watu wanadhani injini inavuja. Kwa hiyo toa kava, osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, endesha kidogo, kisha angalia kwa tochi.

Ikitoka nyuma ya spoketi, ni sili (mpira wa kuzuia oili) ya shafti inayobeba spoketi. Inabadilishwa kwa nje: fungua bolti mbili za kibati kinachoshika spoketi, toa spoketi, chokoa sili ya zamani taratibu. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu, maana bisibisi ikikwaruza shafti, hata sili mpya itavuja. Paka oili kwenye mdomo wa sili mpya, igonge iingie sawasawa.

Ikitoka kwenye shafti ya pedali ya gia, hiyo ina sili yake ndogo.

Shika pia shafti ya spoketi uitikise juu na chini. Ikicheza sana, beringi imekwisha na sili mpya haitadumu. Mara nyingi chanzo ni mnyororo uliokazwa kupita kiasi. Uachie ulegee kama sentimita 2. Na usisahau kuzibua mpira wa kupumulia injini, maana ukiziba presha inasukuma oili nje.