Mstari wa pili ni hafifu na tumbo linavuta upande mmoja: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, na hedhi yangu huja kila baada ya siku 28 bila kubadilika. Safari hii imepitiliza siku sita. Siku ya kwanza ya kuchelewa nilipima mkojo mchana, ukatoka mstari mmoja. Leo asubuhi nimerudia, na kwenye dakika ya nne ukatokea mstari wa pili kwa mbali sana, wa waridi. Nikakiacha kipimo mezani. Mchana nikakuta mstari unaonekana zaidi. Halafu natokwa na uchafu mweupe mzito kama mtindi, nawashwa mno, na tangu juzi tumbo linanivuta chini upande wa kushoto. Ninavyo vidonge vya fangasi vya kumeza. Nivinywe? Na mimba ipo au haipo?

JIBU: Marahaba. Ipo, kwa uwezekano mkubwa. Mstari wenye rangi uliotokea ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo unahesabika, hata ukiwa hafifu kiasi cha kuutafuta kwenye mwanga wa dirisha. Ule wa mchana usiuhesabu kabisa. Mkojo ukikauka huweza kuacha alama ya kijivu mahali pa mstari wa pili, na alama hiyo imewapa watu furaha na hofu za bure. Kipimo kikishapita muda wake, kitupe.

Mbona cha kwanza kilikataa? Kipimo hicho kinatafuta homoni moja tu, hCG. Huanza kutengenezwa mimba inapojishikiza, kwa kawaida siku 6 hadi 12 tangu yai lilipotoka kwenye ovari. Mwanzoni ni kidogo mno, kisha huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Vipimo vingi vya nyumbani huiona ikifika kama uniti 25 katika lita moja ya mkojo. Yai likichelewa kutoka siku chache tu, hata kwa mwenye mzunguko usiobadilika, na mkojo ukiwa wa mchana baada ya kunywa maji mengi, homoni haitoshi kuonekana. Mkojo wa asubuhi umekolea, ndiyo maana leo umepata jibu. Wala usinunue vipimo vingine ili kulinganisha ukolevu wa mistari. Havikuambii mimba ina wiki ngapi wala kama inakua vizuri.

Sasa hilo la upande wa kushoto, ambalo umelitaja kama jambo la pembeni. Kwangu mimi ndilo la kwanza. Kipimo kinasema homoni ipo. Hakisemi mimba imekaa wapi. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija, nayo hutoa hCG na huonyesha mistari miwili vilevile. Maumivu kidogo ya kuvuta ni ya kawaida mimba ikiwa changa, na mara nyingi hutoka kwenye ovari iliyotoa yai. Lakini huwezi kutofautisha kwa kubonyeza tumbo ukiwa nyumbani. Nenda hospitali leo, au kesho asubuhi. Mweleze anayekuhudumia kama umewahi kuugua maambukizi ya mirija, kufanyiwa upasuaji wa tumbo, kutunga mimba nje au kuwekewa kitanzi. Hata kama hujawahi, nenda.

Kuna hali ambazo hazisubiri kesho: maumivu makali au yanayozidi, kutokwa damu, kizunguzungu au kuzimia, na maumivu kwenye ncha ya bega. Hilo la bega huwashangaza wengi. Damu inayovuja tumboni hukera msuli wa kupumulia, na maumivu yakasikika begani. Ukiona lolote kati ya hayo, nenda saa hiyohiyo, na usiende peke yako.

Hospitali huenda wakakufanyia ultrasaundi ya kupitia ukeni na kupima kiwango cha hCG kwenye damu, kisha kukirudia baada ya saa 48. Ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, una wiki kama tano, na hapo ndipo kifuko cha mimba huanza kuonekana. Yai likiwa lilichelewa, leo huenda wasione kitu. Usikate tamaa, ila usikose kurudi siku utakayopangiwa.

Uchafu mweupe mzito wenye muwasho unafanana sana na fangasi, nao huwapata wajawazito mara nyingi zaidi. Fangasi hawacheleweshi hedhi na hawaharibu jibu la kipimo. Ungekuwa wa kijivu, mwepesi, wenye harufu ya samaki, au wa kijani wenye povu, ningefikiria ugonjwa mwingine na dawa nyingine. Vidonge ulivyonavyo usivinywe, hasa kama ni flukonazo, kwa kuwa haishauriwi kwa mjamzito. Omba klotrimazo ya kuweka ukeni, ambayo kwa mjamzito hutumika kwa kawaida siku saba. Osha nje kwa maji tu. Ndani usiingize sabuni, kitunguu saumu wala siki.

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, unaweza kuianza leo bila kusubiri majibu hayo.