Jibu: Kununua M35A2 iliyostaafishwa jeshini

Ndugu, umeuliza kama lori la jeshi M35A2 lafaa kwa shamba lako huko Texas. Lafaa, ila anza na karatasi kabla ya injini. Hakikisha muuzaji anakupa SF 97, fomu ya serikali ya Marekani, kwani ndiyo ya kuombea hati ya umiliki. Bila hiyo, umenunua chuma cha kuegesha uani.

Injini isikutishe. Ni silinda 6, lita 7.8, na ilibuniwa kunywa karibu mafuta yoyote, hata ya taa. Umeme wake ni volti 24, betri mbili za 12 zikiunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo usiruhusu jirani akuwashie kiholela kwa gari lake dogo la volti 12.

Breki ndizo zinazoninyima usingizi. Mafuta ya breki yanasukumwa kwa msaada wa upepo, lakini mkondo ni mmoja kwa magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, pedali inazama hadi sakafuni. Mimi lilinikuta shambani, tena tambarare, namshukuru Mungu. Hendibreki inashika propela shafti tu (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu), usiitegemee mteremkoni ukiwa na karibu tani 6 kabla hata hujapakia. Badilisha mipira na mabomba yote ya breki kabla hujaingia barabarani.

Mbio hakuna: kama kilomita 90 kwa saa, masikio yakilia.

Na ile ndoto ya kulipeleka Mombasa baadaye, sahau. Kenya haipokei mtumba wa zaidi ya miaka 8, na usukani wake uko kushoto.