Kwaya yetu imegawanyika, niamini BBC au niamini RT ya Urusi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mama, naimba kwaya hapa Mbeya, naomba msaada maana grupu letu la wasap limeharibika kabisa. Lilikuwa la ratiba ya mazoezi na michango ya sare, siku hizi ni Urusi na Ukraine toka asubuhi mpaka usiku. Mwalimu wa kwaya anasema vyombo vya magharibi vyote ni waongo na Putin ndo kiongozi pekee anayetetea ukristo duniani. Kuna dada wa sauti ya pili yeye ni BBC na DW ya Ujerumani tu, anasema wanaomsifu Putin wanashangilia watu kuuawa. Jumapili iliyopita hawakusalimiana na wamekaa benchi moja. Mkristo anatakiwa awe upande gani, na aamini habari za nani?

JIBU: Amina mama. Hilo la kutosalimiana limenigusa kuliko mambo ya Putin, nitalirudia.

Kwanza nikiri kitu. Mwaka 2022 nilitumiwa klipu usiku, mizinga inafyatua, cheche nyekundu zinaifukuza ndege angani mpaka inadondoka, mimi bila kuuliza nikaifowadi kwenye magrupu matatu, moja la wachungaji wenzangu, nikaandika juu yake "vita ya Ukraine, tuombe". Asubuhi kijana wangu akaitazama mara moja tu akacheka, baba hii ni geimu! Akanionyesha: picha ina giza na ukungu, kamera inatikisika kupita kiasi, na hakuna hata binadamu mmoja anayetembea. Geimu yenyewe inaitwa Arma 3, na klipu zake zimezungushwa sana kama habari za vita mpaka Novemba 2022 kampuni iliyoitengeneza ikatoa maelezo ya jinsi ya kuzitambua. Kumbe nimewaamsha watumishi wa Mungu usiku waombee mchezo wa kompyuta. Ikabidi niandike samahanini kwenye magrupu yote matatu, na kuna mzee mmoja mpaka leo tukikutana ananiuliza rubani alipona?

Kwahiyo nikiongelea amri ya tisa, usimshuhudie jirani yako uongo, naongea kama mtu aliyeivunja kwa kidole gumba.

Sasa mwalimu wenu ana hoja, tusimnyime. Mwanzo wa vita tuliambiwa kuna rubani wa Ukraine, "mzimu wa Kyiv", anatungua ndege za Warusi peke yake, dunia nzima ikashangilia, baadaye jeshi la anga la Ukraine lenyewe likasema huyo ni wa hadithi tu. Wale walinzi 13 wa Ukraine kwenye kisiwa cha Nyoka walitangazwa wamekufa kishujaa, kumbe wametekwa wako hai. Na wenye umri wangu tunaikumbuka Iraki 2003, silaha za maangamizi zilitangazwa kila redio, Marekani na Uingereza wakaingia, hazikuonekana. Halafu hao hao Ulaya mwezi Machi 2022 wakaifungia RT na Sputnik za Urusi, basi wasituhubirie sana uhuru wa habari.

Ila mwalimu akiishia hapo anakuwa amesimulia nusu. Urusi tarehe 4 Machi 2022 ilipitisha sheria, ukisambaza kuhusu jeshi kitu ambacho serikali inasema ni uongo unaweza kufungwa hadi miaka 15, na hata kuiita vita tu kulikuwa kunakuweka matatani, ilitakiwa useme operesheni maalumu ya kijeshi. Ona tofauti mama. Uongo wa Iraki tumeujua kwa sababu kulikuwa na waandishi na tume huko huko kwao wakauchimba. Moscow ukiuchimba unalala ndani. Mimi siwezi kuwaweka hawa wawili mizani moja, hata kama wote wanavuta.

Na kuvuta wanavuta. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. DW inalipwa na serikali ya Ujerumani, idhaa za dunia za BBC zinapata sehemu ya hela toka serikali ya Uingereza, CGTN ni ya China, RT ya Urusi. Sauti ya Amerika tuliyokua nayo kwenye redio za mkulima, Machi 2025 Trump alitoa amri na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakapelekwa likizo, siku moja tu, ukajua mwenye ngoma ni nani. Na upendeleo mara nyingi hauko kwenye uongo, uko kwenye nani anapewa dakika. Sudan wanapigana toka Aprili 2023, mamilioni wamekimbia makwao, Afrika hii hii yetu, sasa fungua hilo grupu lenu uhesabu Sudan imetajwa mara ngapi.

Hili la Putin mtetezi wa ukristo ndo linaniuma zaidi. Mwaka 2016 huyo huyo alisaini sheria inayobana uinjilisti nje ya majengo ya ibada. Kwaya yenu hapo Mbeya mkibeba spika mkaenda kuimba na kuhubiri stendi, kule mnaweza kupigwa faini. Halafu Julai 2023 kombora la Urusi lilipiga kanisa kuu la Odesa, huko Ukraine. Kanisa hilo Stalin alilibomoa miaka ya 1930, likajengwa upya, na aliyekuja kuliweka wakfu 2010 ni Patriaki Kirill, mkuu wa kanisa la Urusi, kwa mikono yake. Na Kirill huyo Septemba 2022 alihubiri kwamba askari anayekufa vitani akitimiza wajibu wake dhambi zake zote zinaoshwa. Mimi najua damu moja tu inayoosha dhambi, na siyo ya askari.

Usidhani pia ni mambo ya mbali. Patriaki wa Aleksandria, mkuu wa Waorthodoksi wa Afrika, alipolitambua kanisa jipya la Ukraine lisilo chini ya Moscow, Moscow ilikasirika, Desemba 2021 ikaanzisha jimbo lake hapa Afrika na kuchukua mapadri 102 wa nchi 8, Kenya ikiwemo. Na kuna kijana wetu Mtanzania, alienda Urusi kusoma, akafungwa, akatolewa gerezani na Wagner, kikundi cha mamluki wa Urusi, kwenda vitani, akafia Ukraine Oktoba 2022. Familia yake ilipokea jeneza.

Umeuliza upande gani. Yoshua aliuliza hivyo hivyo, sura ya 5, akamwona mtu ameshika upanga akamuuliza wewe ni wetu au wa adui zetu, jibu likawa la, nimekuja kama amiri wa jeshi la Bwana. Yoshua akaanguka kifudifudi, akauliza tu Bwana wangu ananiambia nini mimi mtumishi wake.

Kwa grupu lenu: ombeni admini arudishe sheria ya ratiba na michango tu. Na huyo dada na mwalimu wapangiwe kuimba shairi moja wawili, mazoezi ya wiki nzima, watasalimiana wenyewe. Nimeshajaribu hiyo kwetu.

SWALI: Mchungaji, mbona hujawahi kusema wazi kwamba Urusi ndiyo Gogu wa Ezekieli 38, yule adui wa siku za mwisho? Roshi si Rusi, Mesheki si Moscow? (Kijana, Mwanza)

JIBU: Majina kufanana hakutoshi ndugu yangu. Mesheki na Tubali walikuwa watu wa maeneo ya Uturuki ya leo, Moscow ilikuwa pori tu. Askofu Ambrose karne ya 4 alisema Gogu ni Wagothi, makabila yaliyoivamia dola ya Roma. Luther alisema ni Waturuki. Wewe unasema Mrusi. Na hiyo video uliyonitumia, mhubiri ana ramani na mshale mwekundu, nimeiangalia yote dakika 40, Mesheki ameiandika juu ya Moscow kwa kalamu yake mwenyewe. Muulize kaitoa wapi.