Waachieni watumiaji kikao chao: maswali na majibu

Swali: Tunawauzia wauzaji wa jumla programu ya maghala. Kikao cha pili cha kikundi chetu cha watumiaji kilihudhuriwa na watu wanne tu. Tumekosea wapi?

Jibu: Katika ratiba mliyonitumia, saa mbili kati ya tatu alipewa meneja mauzo aeleze bidhaa mpya, na mtu aliyeacha kazi zake hawezi kurudi mara ya pili kusikiliza tangazo. Mwaka 1955, kampuni za kutengeneza ndege za kusini mwa California zilizoagiza kompyuta ya IBM 704 ziliunda kikundi cha SHARE kwa sababu kila moja ilikuwa ikihangaika kuandika programu zile zile ambazo jirani yake naye anaziandika. Kilichowarudisha kikaoni ni msaada wa wenzao. Waachieni wateja ajenda, nanyi mje kujibu.

Swali: Tumwalike mkurugenzi au karani?

Jibu: Wote, lakini kila mmoja na kikao chake, maana karani hatasema ukweli mbele ya bosi wake. Mkurugenzi mmoja alinihakikishia kwamba programu yao haina tatizo lolote. Nilipoteremka ghalani nikamkuta karani akiandika mizigo kwenye daftari la kaunta, kwa kuwa mzigo mmoja wenye ankara mbili ulikuwa ukikataliwa na programu, naye huiingiza yote jioni baada ya kuijumlisha kwa mkono. Daftari lile lina thamani kuliko dodoso lolote.

Swali: Tuwape wahudhuriaji zawadi?

Jibu: Nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi: nauli na chakula, basi.

Swali: Wateja wakiungana, hawatatubana kuhusu bei?

Jibu: Watawabana, na ni haki yao. SAP, kampuni ya Ujerumani ya programu za biashara, ilipotangaza mwaka 2008 kwamba ada ya matengenezo ya mwaka ingepanda hatua kwa hatua kutoka asilimia 17 hadi 22 ya bei ya leseni, vikundi vya watumiaji, kikiwemo DSAG cha Ujerumani, vilipinga, na Januari 2010 kampuni ikawarudishia wateja hiari ya kuchagua huduma ya kawaida ya bei nafuu. Ni heri kusikia malalamiko kikaoni kuliko kuyasoma kwenye barua ya kuvunja mkataba.

Hofu yenu ingefaa ielekee kwingine. Wateja hao ni washindani wao kwa wao, na sheria za ushindani, Kenya na Tanzania pia, zinakataza washindani kupanga bei pamoja. Mazungumzo yakigusa bei wanazouzia, mwenyekiti ayakatize papo hapo, na katibu aandike katika kumbukumbu kwamba yamekatizwa.