Bustani ya zamani mtaani: tuanzie wapi kabla kabro haijamwagwa?

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi ni kikundi cha wakaazi wa mtaa mmoja hapa kisiwani Mombasa. Tuna bustani ya umma ya tangu zamani: ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, kisima chenye maji ya chumvichumvi, miembe miwili mikubwa, mkungu mmoja, na vijia ambavyo siku hizi huwezi kuvitambua kwa nyasi na taka. Kaunti imekubali itengenezwe. Mkandarasi ameleta mchoro wa kabro ukuta hadi ukuta pamoja na nguzo za taa, na mwembe mmoja wenye shimo shinani anasema ukatwe. Wazee wanasema hiyo siyo bustani waliyoijua, ila hakuna mwenye picha. Tutajuaje ilivyokuwa? Na ukuta tuutengeneze kwa nini? Halafu kuna mzee aliyeifagia na kuimwagilia kwa hiari yake miaka mingi. Tunataka tumpe cheti siku ya ufunguzi, lakini wengine wananung'unika kwamba hakuwa peke yake. – Katibu wa kikundi

JIBU: Waaleikum salaam, katibu. Hilo la cheti umeliweka mwisho. Mimi naanza nalo, maana ndani yake mna jibu la lile la kwanza.

Huyo mzee ndiye mchoro mnaoutafuta. Kabla ya cheti mpeni kiti. Mpelekeni bustanini baada ya alasiri, jua likishalegea, na birika la kahawa tungu liwe karibu. Msimuulize "bustani ilikuwaje?", kwa sababu atawajibu "ilikuwa nzuri" na mtarudi nyumbani mikono mitupu. Muulizeni vitu vidogo. Ulikuwa ukianza kufagia kona gani? Ndoo za maji ulizipitisha wapi kutoka kisimani? Masika maji yalituama wapi? Watu walikaa wapi jioni, na uso wameuelekeza wapi? Mtu aliyefagia mahali miaka mingi hukumbuka kwa miguu kuliko kwa maneno. Mwacheni atembee, kijana mmoja amfuate na vijiti, kila anaposimama na kusema "hapa" kijiti kinachomekwa.

Siku ya pili wachukueni wale wanaonung'unika, mmoja mmoja, na vijiti vyao vifungwe uzi wa rangi nyingine. Manung'uniko yao yamewaletea mashahidi bure. Vijiti vya rangi mbili vikikutana mahali pamoja, hapo mna jambo la kupima. Visipokutana, msiamue nani mkweli. Andikeni yote mawili.

Kisha ulizeni ardhi yenyewe. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, nyasi hazikauki kwa pamoja. Palipo na kijia cha mawe au msingi wa zamani chini, udongo ni mwembamba, nyasi hugeuka manjano mapema. Palipokuwa na kitalu cha maua au mtaro uliofukiwa, udongo ni wa kina, hubaki kijani wiki kadhaa zaidi. Ukisimama palepale bustanini huoni kitu. Panda dari ya jirani asubuhi na mapema, jua likiwa bado chini, uone mistari inavyojichora. Piga picha kwa simu kutoka pembe ileile kila baada ya siku tatu au nne.

Mkishakuwa na mstari wa kuaminika, chimbeni mfereji mwembamba wa kuukata kijia kwa upana, sentimita 30 zinatosha, kwa mwiko na wala si kwa sururu. Someni matabaka kama mtu asomaye mkate wa kumimina uliokatwa: takataka za juzi, kibao cha simiti cha miaka ya karibu, udongo, halafu pengine changarawe ya matumbawe iliyoshindiliwa. Pimeni kina cha kila tabaka, pigeni picha pamoja na futi, fukieni. Mfereji mbali na miembe, nitaeleza kwa nini. Na kabla hamjagusa ardhi kwa chombo chochote muwe na barua. Bustani za umma ziko chini ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, lakini kama yenu imo ndani ya mipaka ya Mji wa Kale, ambao ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka wa 1990, basi Makumbusho ya Taifa nayo ina neno, na ni bora kuwaendea mapema kuliko waje wakute shimo.

Picha zipo pia, msikate tamaa. Idara ya Upimaji, Ruaraka kule Nairobi, ndiyo hutunza picha za nchi zilizopigwa kutoka angani. Nyingine zimo kwenye albamu za harusi. Watu wetu walipiga picha za bwana harusi wakiwa wamesimama mbele ya kitu, na hicho kitu ndicho mnachokitafuta.

Mtauliza: turudishe bustani ya mwaka gani? Wenye taaluma hii wana Mkataba wa Florence wa 1981, ulioandaliwa na ICOMOS, baraza la kimataifa la kutunza majengo na maeneo ya kihistoria, pamoja na wasanifu wa mandhari wa IFLA. Unaiita bustani ya kihistoria kumbukumbu iliyo hai, unakataza kukarabati kabla ya uchunguzi wa kina, na unataka kila kipindi ilichopitia kiheshimiwe. Kwa lugha ya barazani: ikiwa bomba la maji la zamani na benchi la baadaye vyote ni vizima, hakuna sababu ya kukitoa kimoja eti si cha enzi ileile. Kinachoondolewa ni kile kinachoharibu.

Na kabro ya ukuta hadi ukuta inaharibu. Sina ugomvi na kabro, inafaa sana kwenye maegesho. Lakini mizizi ya mti inayonyonya maji na hewa mingi imo katika sentimita 60 za juu za udongo, na kisiwani kwetu, ambapo jembe hugonga jiwe mapema, huwa juu zaidi. Kabro haiwekwi juu ya udongo mtupu. Kwanza huchimbwa, kisha hushindiliwa kwa mashine, na hiyo mashine ndiyo inayoua. Mwembe hautakufa siku ya ufunguzi, utakufa polepole miaka ya baadaye, na mtu atasema ulikuwa mzee. Chora duara kufuata ncha za matawi ya kila mti. Ndani ya duara hilo pasichimbwe, pasishindiliwe, pasirundikwe mchanga wala kokoto wakati wa kazi. Nyaya za taa nazo zipite nje yake, kwa sababu mtaro mmoja wa umeme ukipita kando ya shina unaweza kukata mizizi ya upande mzima. Vijia vya chini ya miembe viwe vya changarawe ya matumbawe iliyomwagwa juu ya ardhi bila kuchimba.

Shimo la shinani si hukumu ya kifo. Chukua nyundo ya mbao, zunguka shina ukigonga, sikio karibu. Palipo pazima hujibu kwa sauti kavu na fupi, palipo wazi hujibu kama ngoma. Tia alama ya chaki. Kanuni ya kukadiria tunayoitumia ni kwamba mbao nzima iliyobaki kuzunguka uwazi isipungue theluthi moja ya nusu kipenyo: shina la kipenyo cha sentimita 90 litake ukuta mzima wa sentimita 15 hivi. Hapo linasimama, ila tawi zito lililoelemea upande mmoja lipunguzwe uzito. Uyoga ukiota penye shina na ardhi, au udongo ukipasuka upande mmoja baada ya upepo wa kusi, hilo ni jambo jingine, itisheni mtaalamu wa miti haraka. Shimo msilijaze simiti. Simiti haiyumbi mti unapoyumba, na hushika maji ndani.

Nikija kwenye ukuta, hapa nina kidonda changu. Nikiwa kijana kwenye fani nilishiriki kazi moja mjini humu, sitaitaja, tukapiga lipu ya simiti juu ya ukuta wa matumbawe kwa sababu bajeti ilisema hivyo. Ilipendeza. Masika ya pili lipu ikaanza kuvimba kama chapati, na ilipodondoka ikaondoka na uso wa jiwe. Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini, na chokaa huuachia unyevu utoke. Simiti huufungia, chumvi ikaganda ndani ya jiwe na kulipasua. Kwa hiyo tumieni chokaa: fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi. Chokaa ilowekwe mapema, wiki kadhaa ndani ya pipa lililofunikwa, hadi iwe laini kama samli iliyoganda. Pigeni tabaka jembamba, kama sentimita moja, mfunike kwa gunia la maji siku kadhaa lisikauke kwa jua, ndipo mpige la pili. Mafundi wa namna hii bado wapo Mji wa Kale. Mkitaka kujua kiraka cha zamani ni cha nini, kikwaruzeni kwa msumari: chokaa itaacha unga, simiti itaupinda msumari wenu. Viraka vya simiti viondolewe kwa patasi, taratibu, pale tu vinapotoka bila kung'oa jiwe.

Upandaji nitaupitia haraka. Udongo wa matumbawe ni wa chokaa, na mimea mingi iliyozoea udongo mwekundu wa bara hugeuka majani ya manjano yenye mishipa ya kijani kwa kukosa chuma. Mfano tunao hapa hapa: Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kuotesha miti kwenye machimbo ya saruji Bamburi mwaka wa 1971, alijaribu aina 26, zikasimama tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo, na udongo wenyewe ukaja kutengenezwa na majongoo waliokula majani ya mvinje. Nyinyi hamna jangwa kama lile, ila tieni mboji kwanza, na maji ya kisima yaonjwe kabla hayajamwagiwa mche. Kwa maua, waulizeni kina mama wanaosuka vikuba: asumini, mlangilangi, mrehani, mkilua. Yanaishi hapa, na yatachumwa, jambo ambalo ni zuri.

Turudi kwa mzee. Treasury Square ina sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara, na ni haki yake. Waliomwagilia nyasi zinazoizunguka hawana hata jina. Ninyi mna nafasi ya kufanya vingine. Andikeni daftari moja: nani, alifanya nini, kati ya miaka gani, kila mtu kwa mistari yake. Aliyefagia, aliyeazima mpira wa maji, mfanyakazi wa kaunti aliyekuwa akija na shoka butu, mama aliyekataza taka zisitupwe. Kila mmoja aridhie kuandikwa, wengine hawataki. Cheo cha "mtunzaji wa kwanza" msikitunge, ndicho kinacholeta ugomvi. Na kama kuna senti kwenye bajeti, huyo mzee alipwe kama mshauri kwa zile siku za vijiti. Cheti hakinunui unga.

Bamba la majina lisiwe la shaba, wenye vyuma chakavu watalibeba. Jiwe lililochongwa au mbao ngumu, kwa Kiswahili, juu ya nguzo yake lenyewe. Lisipigiliwe mtini wala lisisimitiwe ukutani. Mkiweza, fanyeni shughuli tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, watu wakiwa nyumbani na vuli ikibisha hodi, waliotajwa kila mmoja apande mche wake siku hiyohiyo.

Ila kuhusu ule mwembe, mtu yeyote asitie sahihi ya kuukata kwanza. Nitumie picha nne za shina, moja kila upande, na kiganja cha mtu kikiwa kimewekwa kando ya shimo nipate kipimo.