Kidole cha mguu ndicho gumba langu sasa

Dada, umeuliza kama mdogo wako aliyekatwa gumba na mkanda wa mashine akubali kuwekewa kidole cha mguu, na kama atatembea sawasawa. Kutembea kusikutie hofu. Mimi ni fundi wa majahazi Matondoni, Lamu, na kidole cha pili cha mguu wangu wa kushoto ndicho gumba la mkono wa kulia. Nilichechemea wiki kadhaa, basi. Nikivaa makubadhi, lazima uangalie mara mbili ndipo ugundue.

Langu lilikatwa na msumeno wa umeme. Wenzangu, kwa nia njema, walilitumbukiza kwenye barafu ya samaki. Tulipofika hospitali, nyama ilikuwa imeshaharibika kwa baridi. Lilitakiwa liviringwe kitambaa safi chenye unyevu, litiwe ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko ndio ukae juu ya barafu. Hilo linaniuma hadi leo kuliko msumeno wenyewe.

Operesheni nilifanyiwa India, saa kumi mezani. Mfupa huungwa na mfupa, kano na kano, halafu chini ya hadubini hushonwa mishipa ya damu yenye upana wa milimita moja au mbili. Daktari Mwingereza John Cobbett alihamisha kidole kikubwa cha mguu namna hiyo mwaka 1968. Zamani zaidi, daktari Nicoladoni wa Austria alikuwa akimshonea mgonjwa mkono kwenye mguu wake mwenyewe, akae hivyo wiki kadhaa. Sijui alikuwa akilalaje!

Siku za mwanzo roho iko juu. Nesi huja kila saa, anabonyeza ncha ya kidole, anangoja damu irudi chini ya ukucha. Sigara marufuku, mirungi marufuku, hata kahawa nilikatazwa, maana mishipa hubana. Mdogo wako kama havumilii bila sigara, asianze.

Kinachochosha ni ganzi. Mishipa ya fahamu huota kama milimita moja tu kwa siku. Patasi iliniponyoka ikazama mara mbili, sikujua kama ninayo au sinayo. Halafu asubuhi moja nakalafati ubavu wa mashua, yaani naziba nyufa za mbao, nikausikia utambi wa pamba ukiteleza baina ya vidole. Nikausokota tena, na tena, hadi mwanafunzi wangu akauliza nimepoteza nini.

Nguvu haikurudi yote. Tezo nashika, lakini si kutwa nzima. Na ulizeni mapema mazoezi ya mkono atafanyia wapi. Mimi kila mwezi nilikuwa navuka bahari hadi Mokowe, bara, napanda basi la Mombasa.