Kwa Wanagenzi Wapya wa Karakana: Tunavyoisoma F-35 Tukiwa Wilson

Kila kundi jipya la wanagenzi linaloripoti katika karakana ninakofanyia kazi, hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hufika na swali lile lile, na kwa kawaida huliuliza wakati wa chai ya saa nne, aibu ya siku ya kwanza ikishapungua: je, mwalimu, tutawahi kuzigusa ndege za kivita? Siwalaumu. Wengi wao wamekulia Lang'ata, South C na Kibra, na tangu utotoni wamezitazama F-5 za Jeshi la Wanahewa zikipasua anga siku za sherehe za kitaifa. Siku hizi wameshatazama na video za F-35, ndege ya kivita ya Marekani, na wanaamini kwamba ndege ya namna ile hutengenezwa na watu wasiokosea. Mimi nimetumia zaidi ya miaka ishirini chini ya mabawa ya Cessna, na F-35 sijawahi hata kuisogelea. Lakini wakaguzi wa serikali ya Marekani huchapisha ripoti zao wazi, nami huzisoma jioni kwa hamu, kwa kuwa sijaona chuo kingine kinachoeleza kasoro za ndege kwa kina kama hicho bila kumtoza mtu karo.

Kabla hamjaanza kazi, nawaomba mshike wazo moja ambalo nitalirudia mpaka mnichoke. Kila kasoro ya ndege ina tarehe mbili: siku iliyozaliwa na siku iliyoonekana. Tarehe ya kwanza mara nyingi hatuna uwezo nayo. Kazi yetu sote, kuanzia anayefagia sakafu hadi anayetia sahihi, ni kuisogeza ya pili iwe karibu na ya kwanza kadiri inavyowezekana.

Tuanze na uzito, kwa sababu ndiko mambo mengi yalikoanzia. Mnamo Oktoba 2001 kampuni ya Lockheed Martin iliishinda Boeing na kupewa kandarasi ya kutengeneza ndege moja yenye sura tatu: F-35A ya jeshi la anga, F-35B ya kikosi cha Marines (askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu), ambayo hupaa baada ya kukimbia masafa mafupi na kutua wima, na F-35C ya kutua juu ya meli. Matumaini yalikuwa kwamba sehemu nyingi zingefanana na gharama ingeshuka. Kufikia mwaka 2004 ilidhihirika kwamba F-35B ilikuwa imezidi uzito kwa kiasi cha tani moja au zaidi, na ndege inayotua wima haina huruma kwa uzito, kwa maana kila kilo hubebwa na nguvu ya injini peke yake, bila msaada wa bawa. Kikaundwa kikosi maalumu cha kupunguza uzito, wafanyakazi wakatuzwa kwa kila wazo lililoondoa gramu kadhaa, na ratiba ikarudi nyuma kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Walifaulu, na kama hadithi ingeishia hapo tungewapigia makofi.

Haikuishia hapo. Fremu kuu za kiunzi zinazobeba mzigo mkubwa, ambazo katika ndege nyingine mbili zilikuwa za titaniamu, katika F-35B zilifanywa za aluminiamu ili ndege iwe nyepesi. Mnamo Novemba 2010 ndege ya majaribio, ambayo hairuki bali hufungwa katika mtambo na kukunjwa na kuvutwa kana kwamba iko angani, ilipatikana na ufa katika fremu mojawapo baada ya saa kama 1,500 tu, ilhali ndege hiyo ilikuwa imekusudiwa kudumu saa 8,000. Tazameni tarehe zile mbili. Kasoro ilizaliwa katika miaka ya kuhangaikia uzito, ikaonekana miaka kadhaa baadaye, wakati ndege nyingine zilikuwa tayari zinatoka kiwandani zikiwa na fremu hiyo hiyo. Methali ya ufa na ukuta sote tunaijua, ila katika ndege hakuna nafasi ya kujenga ukuta: kila bati la kuimarisha utakaloongeza ni uzito, na ni uzito ule ule uliokufanya uchague aluminiamu. Kwa hiyo mtakapotumwa kubadilisha skrubu, msitie yoyote mliyoiona karibu kwa sababu urefu unalingana. Aliyeandika namba ile katika kitabu cha sehemu alikuwa na hesabu ambayo ninyi hamkuiona.

Ndoano ya F-35C naitaja kwa ufupi. Ndege inayotua juu ya meli huteremsha ndoano nyuma ili ikamate waya uliotandazwa juu ya sitaha. Ili ndege isionekane kwa urahisi na rada, ndoano ilifichwa ndani ya mwili wake, na matokeo yake ikawa karibu mno na magurudumu makuu, kiasi cha mita mbili na kidogo. Magurudumu yalipoukanyaga waya, ukalala chini, na kabla haujainuka tena ndoano ilikuwa imeshapita juu yake. Katika majaribio ya nchi kavu ya mwaka 2011 ilijaribiwa mara nane, na mara zote nane ikakosa. Ndoano ilichorwa upya, na hatimaye Novemba 3, 2014 ndege hiyo ilitua juu ya USS Nimitz, meli ya kubebea ndege. Mchoro wa awali ulidhani kwamba waya ungefanya jambo fulani; waya haukuwa na habari.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa mkae zaidi. Juni 23, 2014, katika kituo cha Eglin, Florida, F-35A iliwaka moto nyuma ilipokuwa inakimbia ili ipae. Rubani alisimamisha ndege na kutoka salama. Ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka kwa muda, na mwezi uliofuata zikakosa kufika katika maonyesho ya Farnborough, Uingereza, mahali ambapo ulimwengu ulikuwa ukizisubiri. Wachunguzi waligundua kwamba sehemu ya tatu ya feni ya injini ilikuwa imevunjika, na walipofuatilia nyuma waliona kwamba madhara hayakutokea siku ile. Majuma matatu kabla yake ndege hiyo hiyo ilikuwa imegeuzwa kwa nguvu angani kwa muda wa sekunde mbili hivi, ndani ya mipaka ambayo rubani aliruhusiwa, na katika sekunde hizo mapanga ya feni yalisugua kizibo cha pembeni zaidi ya ilivyotarajiwa, joto likapanda, na nyufa zisizoonekana kwa macho zikaanza. Ndege ilirudi, ikapangwa tena kuruka, na nyufa zikaendelea kukua kimya kimya. Dawa iliyopatikana ni rahisi kuielewa hata kwa mtu wa mwezi wa kwanza: kizibo kilichongwa mfereji mapema, ili mapanga yapate nafasi ya kupita.

Hiyo hadithi hunigusa kwa sababu ninayo yangu, ndogo. Nikiwa mwanagenzi, katika karakana nyingine ambayo siitaji, nilikuwa nikipangusa mafuta chini ya ndege aina ya Caravan nilipopapasa bomba jembamba la breki na kuhisi mchubuko mahali lilipopita kwenye kibano kilicholegea. Nilimwambia msimamizi. Akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba ukaguzi mkubwa unakuja wiki mbili zijazo na tutaliona wakati huo. Sikuandika popote, kwa kuwa nilifikiri kumwambia mkubwa ndiyo kuandika kwenyewe. Siku ya tisa bomba lilipasuka ndege ikitua katika uwanja wa changarawe huko Turkana. Haikuumiza mtu, ila abiria walilala huko, na msimamizi alipoulizwa hakukumbuka kuambiwa. Naamini kabisa kwamba hakukumbuka. Alikuwa na ndege nne mbele yake na simu isiyotulia. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu mfukoni.

Kwa hiyo kanuni yangu kwenu ni hii: mkimwambia mtu, andikeni pia, siku hiyo hiyo, kwa maneno ya mlichokiona wala si mlichokidhani. Msiandike «bomba bovu». Andikeni bomba lipi, upande gani, mchubuko una urefu gani, na kibano kiko katika hali gani. Mtu atakayesoma usiku akiwa na tochi mdomoni hatakuwa na nafasi ya kuwapigia simu.

Wapo watakaosema kwamba matatizo ya F-35 yalitokana na ugumu wa teknolojia. Kwa sehemu ni kweli. Lakini Frank Kendall, aliyesimamia ununuzi katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alisema hadharani mwaka 2012 kwamba kuanza kuzalisha ndege hiyo kabla ya kuijaribu vya kutosha kulikuwa ukiukaji wa maadili ya kazi ya ununuzi. Ndege ya kwanza iliruka Desemba 2006, majaribio ya awamu ya maendeleo yakakamilika Aprili 2018 baada ya safari zaidi ya 9,200, na katika miaka yote hiyo kiwanda kilikuwa kikitoa ndege ambazo zililazimika kufunguliwa tena kila jaribio lilipofichua jambo. Makadirio ya gharama ya mwaka 2001 yalikuwa dola bilioni 233 kwa ndege 2,866. Kufikia 2012 yalikuwa yamepanda hadi karibu bilioni 396 kwa ndege pungufu, 2,457. Idhini ya uzalishaji kamili ilitolewa Machi 2024, ambapo ndege zaidi ya 900 zilikuwa zimeshakabidhiwa. Mimi sioni aibu katika kasoro zilizogunduliwa na majaribio. Hiyo ndiyo kazi ya majaribio. Aibu ni kuzigundua ukiwa umeshazizalisha kwa mamia.

Mnaoamini kwamba kompyuta itawaondolea kazi ya kuandika, nawapa habari ya ALIS. Huo ulikuwa mfumo wa kufuatilia kila sehemu ya F-35 kwa njia ya kielektroniki, na ulikuwa na taarifa pungufu au zisizo sahihi kiasi kwamba baadhi ya mafundi walibaki na kumbukumbu zao za pembeni ili kujua hali halisi ya ndege. Januari 2020 ilitangazwa kwamba ungebadilishwa. Mwaka huo huo mafundi waliokuwa wakikagua F-35A waliona kwamba mirija inayopeleka gesi ya kuzuia mlipuko ndani ya tangi la mafuta ilikuwa imeharibika, na ndege ikakatazwa kuruka karibu na radi. Jina lake rasmi, mtanisamehe kwa kulitaja, maana yake ni Radi ya Pili.

Mirija ile haikugunduliwa na skrini. Kuna mtu aliyefungua tangi akaangalia.

Jumatatu njooni na daftari, kalamu mbili na tochi yenye betri mpya. Bomba lile la breki bado ninalo, liko rafu ya juu kando ya dirisha. Kabla sijafika, kila mmoja alipapase akiwa amefumba macho, atafute mchubuko kwa ncha ya kidole, kisha aandike alichokihisi bila kuwauliza wenzake.